Shajara ya mradi: matunda, mboga na watoto wetu wa shule ya msingi

Mwanzo wa muhula

Haya, mradi umeanza rasmi na nimeona bora niwe naandika kila tunapopiga hatua, maana mambo ya shule yakishapita wiki mbili kila mtu anayakumbuka kivyake. Lengo letu ni hili: mtoto wa darasa la kwanza mpaka la sita ale matunda na mboga kila siku ya shule bila kusimamiwa na mtu, na soda na biskuti zisiwe ndo mlo wake wa mapumziko. Kumsimamia ni rahisi, mwalimu akisimama pembeni ya meza karoti italiwa tu, ila mtoto akishatoka getini hana habari nayo tena. Sisi tunaitaka ile ya baada ya getini.

Kipimo tumekichukua kwa Shirika la Afya Duniani, mwongozo wao wa 2023. Wanasema mtoto wa miaka 2 mpaka 5 ale angalau gramu 250 za mboga na matunda kwa siku, wa miaka 6 mpaka 9 ale gramu 350, na kuanzia miaka 10 ni gramu 400 kama mtu mzima. Sasa gramu 350 ukizitaja tu kwenye kikao watu wanatikisa kichwa na hakuna anayejua ni kiasi gani, so tukaleta mzani wa jikoni tukazipima pale pale mezani: chungwa moja lililomenywa, ndizi moja, karoti moja ya wastani na mboga zilizopikwa kama kijiko kikubwa kimoja hivi cha kupakulia. Basi. Kuna mwalimu alikuja akidhani tunataka mtoto ale beseni zima, na mwingine alikuwa na uhakika ndizi moja inamaliza kazi ya siku, wote wawili wakaona kwa macho.

Mtoto anakula kwetu mlo mmoja na kitu kidogo cha mapumziko ya asubuhi, kwa hiyo shule haiwezi kubeba gramu zote, tumekubaliana tubebe nusu.

Na tumekubaliana jambo lingine mapema kabla mtu hajaja na wazo lake: hakuna kumpima mtoto uzito mbele ya wenzake wala kubandika majina ukutani. Darasa moja linakuwa na mtoto aliyezidi uzito, jirani yake wa dawati amepungukiwa, na wa tatu kwa nje anaonekana hana shida yoyote kumbe ana upungufu wa madini ya chuma na ndo maana anachoka haraka na somo halimkai. Kumwangalia tu huwezi kujua. Tunapima chakula, watoto tunawaacha na heshima zao.


Wiki ya kuangalia tu

Hatujabadilisha chochote, tunaangalia. Kila darasa tumeliwekea ndoo tatu za mabaki, moja ya mboga, moja ya matunda, nyingine ya vingine vyote, zinapimwa kila siku baada ya mlo na uzito unaandikwa kwenye daftari la jikoni. Ndo njia ya bei nafuu kuliko zote ya kujua ukweli, maana ukimuuliza mtoto kama amekula mboga anakwambia ndio mwalimu, kila siku ndio mwalimu.

Ndoo ya mboga ndo inajaa kwanza, hilo wote tulilitegemea. Hatukutegemea ya matunda. Matufaha yanarudi yameng'atwa mara moja tu upande mmoja, na mengi ni ya darasa la kwanza na la pili. Nilikuwa na maelezo yangu kichwani kwamba watoto wamezoea sukari nyingi ndo maana tunda haliwavutii, mpaka mwalimu wa darasa la kwanza akasema jamani hawa wana miaka sita na saba, meno ya mbele yameng'oka, mtu asiye na meno ya mbele ataling'ataje tufaha zima? Akamwita mmoja akamwambia acheke. Kweli, pengo tupu. Mtoto anajaribu, linamuuma, analiweka. Sisi tungekaa hapo mwaka mzima tunatunga nyimbo za kuhamasisha matunda wakati kinachotakiwa ni kisu.

Kitu cha pili tulichokiona ni haraka. Chakula kinatoka, halafu ndo mapumziko ya kucheza, kwa hiyo mtoto anakula jicho liko uwanjani. Anakula kinachomezeka upesi, wanga na mchuzi, na mboga zinazohitaji kutafunwa anaziacha akimbie kuwahi mpira. Hii nimeiandikia nyota, tutairudia.


Jikoni

Leo asubuhi nzima nilikuwa jikoni na wapishi. Nasema wazi, watu wengi wanaofanya kampeni za lishe shuleni wanaanza na mabango na wanamaliza na mabango, wapishi hata hawaitwi kwenye kikao, na hao ndo wameshika sahani ya mtoto mikononi mwao.

Mpishi mkuu alikuwa anachemsha kabichi mpaka inalegea kabisa, na ana sababu yake nzuri tu, anaogopa mtoto asiumwe tumbo. Tumeongea kuhusu hilo: kuosha vizuri kwa maji safi ndo kunabeba kazi kubwa, na mboga ikiiva kwa dakika chache za moto mkali inatosha. Kabichi, brokoli na ndugu zao zikikaa motoni muda mrefu zinatoa harufu ya salfa, ile harufu inayojaa ukumbi mzima, na mtoto anaikataa kabla hata hajafika mezani. Alafu watoto wanahisi uchungu kuliko sisi. Kuna jeni inaitwa TAS2R38 inayofanya baadhi ya watu wasikie uchungu mkali kwenye mboga za namna hii, na watoto wengi wanaousikia wanausikia kwa nguvu zaidi kuliko mtu mzima mwenye jeni ile ile. Kwa hiyo mtoto akisema chungu, mwamini, kwenye ulimi wake ni chungu kweli. Tumejaribu kupunguza muda wa moto, maji kidogo, mafuta kijiko na kitunguu, na mpishi mwenyewe alipoonja akasema hii hata mimi nitakula.

Mafuta kidogo hayapo kwa ajili ya ladha tu. Kile kinachogeuka kuwa vitamini A mwilini kutoka kwenye karoti na mboga za majani za kijani kinahitaji mafuta ili kifyonzwe, ukila bila mafuta kabisa kingi kinapita tu. Na siku za maharage au dengu tumepanga tunda lenye vitamini C liwepo kwenye sahani hiyo hiyo, chungwa au hata nyanya mbichi, kwa sababu madini ya chuma ya kwenye nafaka na jamii ya kunde mwili unayachukua kwa shida, vitamini C inayasaidia kuingia. Chai inafanya kinyume, inayazuia, kwa hiyo tumeomba chai isitolewe pamoja na mlo, isogezwe mbele kidogo. Hakuna gharama mpya hapo, ni kubadili ratiba ya vitu vilivyopo.

Chumvi pia tumeanza kuipima kwa kijiko badala ya kiganja, na tumehakikisha ni yenye madini ya joto. Mtu mzima anatakiwa asizidi gramu 5 kwa siku, mtoto chini ya hapo. Hatutaishusha kwa mara moja, itashuka polepole ulimi uzoee.


Habari ya stika

Lilikuja wazo la kuchapisha stika za katuni tubandike kwenye matunda. Wazo zuri kusikia, na mwenzetu alikuja na utafiti kabisa, wa 2012, wa Brian Wansink wa Chuo Kikuu cha Cornell Marekani na wenzake, unaosema stika ya katuni ikiwa kwenye tufaha watoto wanalichagua zaidi. Nikaenda kuufuatilia kabla hatujatoa hela. Ule utafiti jarida lililouchapisha liliuondoa 2017, ikaja kujulikana kwamba watoto waliosemwa ni wa miaka 8 mpaka 11 kumbe walikuwa wa miaka 3 mpaka 5. Tafiti zake nyingine kadhaa nazo ziliondolewa, na 2018 chuo chenyewe kilitangaza kuwa amekiuka maadili ya utafiti.

Simaanishi stika haiwezi kumfurahisha mtoto. Ila hela yetu ni ndogo, na kitu ambacho ushahidi wake kwa watoto wa umri wetu umeanguka hakiwezi kutangulia mbele ya visu. Kwa hiyo hela ya stika imenunua visu vizuri na mbao za kukatia. Sasa hivi matufaha yanatoka yamekatwa vipande, machungwa yamepasuliwa, na zabibu za wadogo zinapasuliwa kwa urefu mara mbili maana zabibu nzima inaweza kumkaba mtoto koo. Kazi imeongezeka jikoni, wazazi wawili wamejitolea kuja asubuhi kukata.


Meza ya kuonja

Hiki ndo kiini cha mradi kwa maoni yangu, ngoja niandike kwa kirefu.

Leann Birch, mwanasaikolojia wa Marekani, tangu miaka ya 1980 alionyesha na wenzake kwamba mtoto hajifunzi kupenda chakula kwa kuambiwa faida zake, anajifunza kwa kukionja mara nyingi. Mara nane, mara kumi, wengine hata mara kumi na tano. Mzazi wa kawaida anajaribu mara tatu nne, mtoto anakunja uso, mzazi anahitimisha huyu hapendi karoti, na karoti haionekani tena nyumbani. Wakati ule uso uliokunjwa ni sehemu ya safari, unatarajiwa.

Kwa hiyo tumeweka meza ya kuonja. Kila darasa linapita na mboga ni ile ile kwa wiki kadhaa mfululizo, hatukimbilii mpya. Vipande ni vidogo kama ukucha wa kidole gumba. Mtoto anaruhusiwa kugusa tu, au kunusa tu, au kulamba, au kutafuna akatema kwenye tishu, na zote tunazihesabu ni hatua, zinawekwa alama kwenye chati ya darasa zima bila majina. Hakuna kumwambia maliza. Hakuna kumpigia makofi aliyemeza, hili walimu limewapa shida sana maana mwalimu kupongeza ni damu yake, lakini tukiwapigia makofi waliomeza yule aliyelamba tu anajiona ameshindwa, na kesho hasogei mezani.

Pipi kama zawadi tumekataa kabisa. Ukimwambia mtoto ukimaliza mboga utapata pipi umemfundisha mambo mawili kwa mpigo, kwamba mboga ni adhabu ya kupitia na pipi ndo kitu cha thamani. Birch na wenzake waliliona hili kwenye majaribio yao pia, chakula kikigeuzwa ngazi ya kufikia zawadi mtoto anakipenda kidogo kuliko mwanzo.

Na lingine kutoka kwa Birch, la 1980, ambalo tunalitumia moja kwa moja: mtoto wa chekechea akikaa mezani na wenzake wanaopenda mboga ambayo yeye haipendi, baada ya siku chache anaanza kuichagua mwenyewe. Wenzake wamefanya kile ambacho mama na mwalimu wameshindwa. So tumechanganya ukaaji. Wale wanaokula karoti bila tatizo hatuwaweki meza moja, tumewasambaza, wala hatukuwaambia kwa nini.

Darasa la tatu wameanza mchezo wao wa kuelezea chakula bila kusema nzuri wala mbaya. Inalia, inakwaruza, inateleza, ina maji ndani, inanukia mvua. Kuna mtoto amesema pilipili hoho ina sauti. Huyo wiki za kwanza alikuwa anakaa mbali na meza amekunja mikono, sasa anasogea ili apate la kusema, na ili upate la kusema lazima uweke mdomoni.

Kabla ya yote haya tulikusanya kwa wazazi taarifa za mzio. Karanga, maziwa, mayai, samaki, hivi ni vitu vya kuangalia kwa makini, na orodha iko jikoni na kwa mwalimu wa darasa. Anayetaka kuanzisha kitu kama hiki shuleni kwake asiruke hapo hata kwa siku moja.


Kikao cha wazazi

Ukumbi ulijaa. Tulianza na glasi na sukari badala ya maneno. Soda ya mililita 330 ya kawaida ina sukari kama gramu 35 hivi, tukamwomba mzazi mmoja achote vijiko vya chai mwenyewe, akachota vijiko tisa huku ukumbi unahesabu. Kisha hesabu ya pili: Shirika la Afya Duniani tangu 2015 linasema sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu yote ya chakula cha siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Mtoto anayehitaji kilokaloria 1,600, asilimia 10 yake ni gramu 40, asilimia 5 ni gramu 20. Yaani soda moja inakaribia kumaliza kikomo cha juu cha siku nzima, na kile kikomo bora imeshakipita. Juisi nayo, hata ile ya matunda matupu isiyowekwa kitu, sukari yake inahesabiwa humo humo, tunda zima halihesabiwi. Hapa minong'ono ilikuwa mingi, watu wengi wanamnunulia mtoto juisi wakiamini wanamfanyia jambo la afya.

Baba mmoja akasimama, mwalimu, mimi kwangu nimepiga marufuku soda kabisa na nikitoka tu anaenda kuzitafuta kwa jirani, nifanyeje? Swali zuri mno. Kuna majaribio ya Jennifer Fisher na Birch ya 1999 yaliyoonyesha kwamba chakula ukikiweka machoni pa mtoto halafu ukamzuia, hamu yake nacho inaongezeka badala ya kupungua. Tukamwambia baba, isikae ndani ya nyumba siku za kawaida, bila tangazo na bila ugomvi, maji yawe mezani, na siku ikiwepo kwa sherehe basi anywe kama wengine asihutubiwe. Tukawapa pia mgawanyo wa Ellyn Satter, mtaalamu wa lishe wa Marekani, ambao mimi binafsi naona ungeokoa amani ya nyumba nyingi: mzazi anaamua chakula gani, saa ngapi na wapi, mtoto anaamua ale au asile na ale kiasi gani. Kila mtu abaki upande wake.

Baada ya kikao mama mmoja alibaki nyuma mpaka watu walipopungua. Akaniambia mwalimu nimeelewa kila kitu ulichosema, ila mwisho wa mwezi mimi tunda sinunui, nachagua kati ya tunda na shibe. Sikuwa na hotuba ya kumpa na sikutaka kumpa. Nikamwambia mama, asante kwa kuniambia, hilo ni letu.

Limebadilisha mpango mzima. Kulikuwa na pendekezo kila mtoto aje na tunda lake kutoka nyumbani na tulikuwa tunaelekea kulipitisha. Limeondolewa. Tunda linatoka shuleni, la msimu, sawa kwa wote, hakuna mtoto atakayefungua mkoba mtupu mbele ya wenzake. Finland wamekuwa wakiwapa wanafunzi wote mlo wa shule bila malipo tangu 1948, wote, bila kuuliza nani anacho na nani hana, na mimi naona hapo ndo pa kuangalia. Elimu ya lishe kwa mzazi asiye na hela bila chakula chenyewe ni kumwongezea mzigo wa lawama tu.


Kengele

Ile nyota niliyoandika. Mwalimu mkuu amekubali, sasa watoto wanacheza kwanza, wanakula baadaye. Siku ya kwanza ilikuwa fujo, wamerudi na vumbi mpaka kwenye nyusi na foleni ya kunawa ikawa ndefu kuliko foleni ya chakula. Tumezigawanya, madarasa mawili yanaitwa dakika kadhaa kabla ya mengine, sabuni imefungwa kwenye kamba kila bomba.

Ila mezani ni shule nyingine kabisa. Wamekaa. Wana njaa ya kweli, na hakuna kinachowaita nje. Wataalamu wengi wa mlo wa shule wanataka mtoto apate angalau dakika 20 akiwa ameshakaa na sahani yake, foleni isihesabiwe, na sisi tulikuwa tunaihesabu humo humo, mtoto wa mwisho kwenye mstari alikuwa anabaki na dakika chache mno. Sasa dakika zinaanza kuhesabiwa mtu wa mwisho akishakaa.


Dada wa kantini

Tulichelewa kumfikia huyu kwa makusudi, nilitaka twende tukiwa na la kumpa. Angeweza kuonekana ndo adui wa mradi, anauza biskuti, chipsi za pakiti na soda mlangoni kabisa mwa shule. Tukakaa naye. Anasema ninyi mnaniambia niuze matunda, matunda yasiponunuliwa leo kesho yameoza, hasara ni yangu peke yangu, biskuti inakaa miezi. Amesema kweli tupu. Biashara ya vitu vya pakiti imejengwa juu ya kutooza.

Makubaliano: jikoni wakikata matunda asubuhi wanamkatia na yeye kiasi kidogo kwenye vikombe, yasipoisha mpaka mchana jikoni wanayachukua yanaingia kwenye mlo, hasara hakuna. Maji ameyaweka mbele, soda zimeenda nyuma ya kaunta, hazijapigwa marufuku ila hazionekani. Chile walifika mbali zaidi, tangu 2016 bidhaa zenye sukari, chumvi au mafuta kupita kiwango zinawekewa alama nyeusi ya pembe nane na haziruhusiwi kuuzwa wala kutangazwa shuleni. Sisi hatuna sheria mkononi, tuna mazungumzo, na mpaka sasa dada ameyaheshimu kuliko nilivyotarajia.


Bustani

Fupi tu leo. Figili ziko tayari, ndo maana tulizichagua, wiki nne hivi kutoka mbegu mpaka mdomoni, mtoto wa miaka saba hawezi kusubiri miezi. Ni kali, zinawasha ulimi, na wamezila zote na nusu ya majani wanataka kujua kama nayo yanalika. Yanalika. La nne wamepima majani kwa rula kila wiki kwenye hesabu. Likizo nani atamwagilia bado hatujapanga.


Walimu mezani

Japani wana sheria ya elimu ya chakula tangu 2005, na kwenye shule zao za msingi wanafunzi wenyewe ndo wanapakuliana huku mwalimu anakula chakula kile kile darasani pamoja nao. Tumeanza na nusu ya pili. Kila meza ina mwalimu mmoja, sahani moja na watoto, hana ruhusa ya kukagua sahani ya mtu, anakula na kupiga stori. Soda za walimu zinabaki chumba cha walimu. Kulikuwa na manung'uniko, yameisha, na walimu wawili wamesema wenyewe kuwa hawajawahi kuwajua watoto wao kama wiki hizi.


Tulipofika sasa

Daftari la ndoo limejaa kurasa na picha inaonekana. Madarasa ya chini ndoo ya mboga imepungua wazi, matunda ndo kabisa, yanarudi maganda. La nne katikati. La sita hakuna kilichobadilika, ndoo yao ni kama ya wiki ya kuangalia.

Tumekaa kulijadili. Umri ule mtoto anakula akiangalia nani anamtazama. Na kuna jambo zito zaidi ambalo mwalimu wa la sita amelileta: wasichana kadhaa wameanza kuruka mlo kabisa, sahani haichukuliwi, na akiwasikiliza maongezi yao ni ya unene na miili, wanayatoa kwenye simu na kwa watu wazima wanaowazunguka. Hapo hatuchezi. Tumepitia kila kitu kinachosemwa na kubandikwa kwenye mradi, popote palipotajwa unene pametolewa, na hakuna chakula kitakachoitwa kibaya mbele ya watoto, kuna cha kila siku na kuna cha mara mojamoja. Mazungumzo ni nguvu za kucheza, mifupa, kuona vizuri, kutochoka darasani. Mwalimu wa malezi anaongea na wale wasichana mmoja mmoja pamoja na mama zao, na kama kuna anayeendelea kukataa chakula anapelekwa kwa daktari, halisubiri muhula mwingine.

Kwa la sita kwa ujumla tunajaribu ile nusu ya kwanza ya Wajapani, wao ndo watawapakulia darasa la kwanza na la pili, kwa zamu, na aproni na kofia, na watakula baada ya kuwahudumia wadogo. Wiki ijayo zamu ya kwanza. Meza ya kuonja inaendelea na brokoli ile ile kwa madarasa yote, orodha ya mzio inafanyiwa marekebisho maana kuna watoto watatu wamehamia, na ndoo za la sita tutaziangalia kwa karibu zaidi kuanzia Jumatatu ili tujue mapema kama zamu zinasaidia au tutafute kingine.